Anza na Duka la Bibi

Mwaka 1990, katika kituo cha utafiti wa fizikia cha CERN, karibu na Geneva, palikuwa na kompyuta nyeusi iliyobandikwa kikaratasi. Mwingereza Tim Berners-Lee alikuwa ameandika hapo kwa wino mwekundu kwamba mashine ile ni seva, na asithubutu mtu kuizima. Alikuwa na haki ya kuhofia. Tovuti ya kwanza duniani ilikaa humo ndani, na mtu angeizima kompyuta ile, dunia nzima ingebaki haina tovuti hata moja.

Tovuti yenyewe haikuwa na picha. Ilikuwa maandishi matupu, ila baadhi ya maneno ukiyabofya yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kuwa teknolojia hiyo ni ya watu wote, bila malipo. Ndiyo maana hata wewe huhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kutengeneza tovuti yako.

Kijana akitaka kujifunza kutengeneza tovuti, siku hizi humwagiwa majina ya lugha na zana: React, Python, SQL, Node. Yote yanatafutwa na waajiri, lakini ukiyapokea kwa mkupuo utakata tamaa hujaandika hata herufi. Mimi nasema anza na HTML, lugha ya kuandikia kurasa za tovuti, tena leo. Fungua Notepad, ile programu ya kuandikia iliyomo kwenye kompyuta za Windows, uandike:

<h1>Duka la Bibi</h1>
<p>Leo tuna mchele na nazi.</p>

Lihifadhi faili kwa jina duka.html, kisha libofye mara mbili. Kivinjari kitafunguka, na jina la duka litasimama juu kwa herufi kubwa nene. Bando halitumiki, kwa sababu ukurasa unasomwa humo humo kwenye kompyuta yako. Alama ya h1 imekiambia kivinjari kuwa hiki ni kichwa, na ya p kwamba hii ni aya. Yenye mkwaju ndiyo inayofunga. Hebu ifute ile inayofunga kichwa, uhifadhi, ufungue upya: mchele na nazi navyo vitavimba kama kichwa! Kuharibu hivyo kwa makusudi kunafundisha kuliko kukariri.

Sasa mwache Bibi, mwenye duka, akuongoze. Akitaka jina la duka liwe la kijani, jifunze CSS, iliyopendekezwa mwaka 1994 na Mnorwe Håkon Wium Lie. Akitaka mteja abonyeze kitufe na bei zijumlishwe zenyewe, ni zamu ya JavaScript. Brendan Eich aliiandika kwa mara ya kwanza kwa siku 10 tu, Mei 1995. Akitaka kukumbuka nani alinunua nini juzi, hapo panahitajika hifadhidata, na SQL ndiyo lugha ya kuiuliza maswali. Python inaweza kukaa kwenye seva, ipokee oda na kuziandika humo. Na malipo ya M-Pesa? Yanaunganishwa pia, ila yangoje mpaka hayo mengine yamekukaa mkononi.

Ukikwama, fungua tovuti yoyote unayoipenda kwenye kompyuta, ubonyeze Ctrl na U kwa pamoja. HTML yake itajitandaza mbele yako. Zitafute h1 na p.