Mkasi Hunolewa Upande Mmoja

Fundi cherehani hujua mkasi umechoka pale unapoanza kutafuna kitambaa badala ya kukikata. Khanga huvumilia kidogo. Hariri na shifoni hazina subira hiyo. Wengi humsubiri mnoa visu wa baiskeli apite mtaani, ainue gurudumu la nyuma, akanyage pedeli na cheche zianze kuruka. Kwa panga na kisu cha jikoni huyu bwana hana mpinzani. Kwa mkasi wa kazi, bora umwache aende zake.

Chukua mkasi mzuri wa chuma, ufumbe, kisha utazame kwa ubavuni ukiuelekeza kwenye mwanga. Utaona upenyo mwembamba kati ya mabapa yake mawili. Huo si ubovu. Kila bapa limepindwa kidogo kwa makusudi ili yagusane kwenye nukta moja tu, na unapofumba, nukta hiyo husafiri kutoka karibu na skrubu mpaka nchani. Hapo ndipo kitambaa kinapokatwa. Upande wa ndani wa bapa nao una bonde jepesi, na pembezoni mwake umeachwa ukanda mwembamba unaong'aa, ambao ndio unaosuguana na mwenzake. Mtu akiulaza upande huo kwenye jiwe linalozunguka, bonde na ukanda vyote hupotea. Makali yanaweza kuwa kama wembe, na bado kitambaa kikakunjwa na kuingia katikati ya mabapa bila kukatika. Anayejua kazi husaga upande wa nje tu, wenye mteremko wa makali. Wa ndani huguswa mara moja au mbili kwa jiwe laini, kuondoa ukwaruzo uliobaki.

Mteremko huo ndio unaotofautisha mkasi na kisu. Kisu cha jikoni hunolewa pande mbili, na pembe yake kwa jumla ni kama nyuzi 30 hadi 40. Mkasi wa ushonaji una makali manene zaidi, nyuzi 60 hivi, kwa sababu kazi yake ni kukata kwa kupishana na bapa la pili. Mkono mtupu hauwezi kushika pembe moja kutoka mwanzo wa bapa hadi mwisho, na hapo ndipo mashine inapoleta faida.

Lakini si kila kinachozunguka ni mashine ya mikasi. Grenda ya mezani yenye jiwe la milimita 150 huzunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, maana yake ukingo wa jiwe unapita juu ya chuma kwa zaidi ya mita 22 kila sekunde. Joto hukimbilia nchani, penye chuma chembamba. Chuma kikishika rangi ya majani makavu, kimefika nyuzi joto 220 hivi. Kikigeuka bluu, kimekaribia 300, na ule ugumu kilioupata kiwandani umepungua. Kukichovya kwenye maji baadaye hakuurudishi.

Mashine ya Tormek ya Sweden hufuata njia ya polepole: jiwe la milimita 250 huzunguka mara 90 tu kwa dakika huku likilowa majini, na bapa limebanwa kwenye kishikio kinacholinda pembe. Kasi ya ukingo ni mita 1.2 hivi kwa sekunde. Mashine ya Twice as Sharp ya kampuni ya Wolff, Marekani, ina magurudumu mawili, moja la kunoa na la pili la kung'arisha, na kibanio kinachopimwa kwa nyuzi. Kwa mikasi ya saluni yenye makali ya mviringo, wataalamu hutumia sahani bapa inayozunguka kwa ulalo, wakibadilisha msasa kutoka mkali hadi laini kabisa. Kunoa mkasi wa aina hiyo kwa mteremko ulionyooka ni kuugeuza kuwa mkasi mwingine.

Kuna kazi moja ambayo mashine hizi haziifanyi: kurudisha mpindo wa bapa. Hiyo ni kazi ya mkono. Filamu fupi ya Shaun Bloodworth ya mwaka 2014, The Putter, inamwonyesha fundi Cliff Denton wa Sheffield, Uingereza, akiunganisha mikasi kwa nyundo, jicho na sikio. Ndiyo maana bei ya mashine haimfanyi mtu kuwa fundi.

Kwa hiyo, kabla hujamkabidhi mtu mkasi wako, muulize atasaga upande gani. Akikujibu kwamba atasaga pande zote mbili, shukuru na uondoke nao. Ukishanolewa, fungua mkasi, shika mpini mmoja na uuachie wa pili: usianguke wote, wala usigome kusogea. Kisha kata kipande cha kitambaa laini kuanzia kwenye skrubu hadi nchani kabisa. Mkasi ukikunja kitambaa kwenye sentimita ya mwisho, usilipe bado, kazi haijaisha.