Kuunganisha shule za msingi: tupime faida na gharama kabla ya kuamua



Baada ya Misa katika kigango kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, wazazi walinijia na swali lisilo la katekisimu. Shule ya msingi ya kijiji chao ina wanafunzi wachache na walimu watatu tu, na yameanza mazungumzo ya kuiunganisha na shule kubwa iliyo nyuma ya kilima. "Padre, tukubali au tukatae?" Sikuwajibu siku ile, kwa sababu jibu la haraka lingekuwa la kuwapendeza tu. Leo napenda tulitafakari suala hili pamoja, kwa kuwa linagusa vijiji vingi vyetu.

Jambo hili si geni kwetu

Wamisionari wa Afrika walipofika Ujiji mwaka 1879, mafundisho yao yalianza na makundi madogo ya watoto. Baadaye shule ziliwafuata watu kule walikoishi, nyingine zikiwa chini ya paa la nyasi na mwalimu mmoja ambaye pia alikuwa katekista. Kisha ukaja wakati wa kufanya kinyume chake. Kwa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya kwanza ambayo watu wake waliotawanyika walihamishiwa katika vijiji vya pamoja, ili shule, zahanati na maji viwe karibu. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipotekelezwa mwaka 1977, vijiji hivyo vilirahisisha kuandikisha watoto. Lakini wazee wetu wanakumbuka pia mashamba yaliyobaki mbali na nyumba zilizoachwa kwa haraka. Tangu wakati ule tunajua kwamba kukusanya watu au huduma mahali pamoja kuna faida ya kweli na kuna gharama ya kweli, na mara nyingi anayepata faida siye anayelipa gharama.

Faida zake

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme shule mbili, kila moja ina wanafunzi 140 na walimu watatu. Madarasa ni saba, hivyo kila darasa lina watoto 20, nao ni wachache kuliko kiwango cha serikali cha 45 kwa chumba. Hata hivyo, mwalimu mmoja anabeba madarasa mawili au matatu kwa wakati mmoja. Anapofundisha darasa la tano kugawanya sehemu, darasa la nne linanakili ubaoni na la tatu linapiga kelele. Akiugua, au akisafiri kwenda Kigoma mjini kufuatilia mshahara, madarasa yote hayo hubaki bila mtu.

Tukiziunganisha, tunapata wanafunzi 280 na walimu sita, watoto 40 kwa darasa. Sasa karibu kila darasa lina mwalimu wake, na mwenye kipaji cha hisabati anaweza kufundisha hisabati katika madarasa kadhaa. Fedha za kukarabati zinaelekezwa kwenye paa moja, vyoo vya sehemu moja na kabati moja la vitabu. Walimu wapya nao hukubali kwa urahisi zaidi kukaa mahali penye wenzao. Anayepinga kuunganisha shule bila kuyatazama haya hawatendei haki watoto.

Gharama zisizoandikwa kwenye bajeti

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Shule ikifungwa, gharama fulani hupungua katika vitabu vya halmashauri, lakini haipotei. Huhamia kwenye miguu ya mtoto. Mtoto wa miaka saba anayekwenda kilomita sita na kurudi sita hutembea kilomita 60 kwa juma, mara nyingi bila kifungua kinywa. Kwetu mwambaoni njia hiyo si barabara. Ni ukingo wa mchanga, mawe na vijito vinavyofurika wakati wa masika. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda na kumeza sehemu za ufuo ambazo zilikuwa njia. Mtumbwi nao si jibu jepesi, kwa kuwa upepo unapovuma hata wavuvi wazoefu hubaki nchi kavu.

Nilisoma shule iliyokuwa na watoto kutoka ng'ambo ya mto. Tulipoanza darasa la kwanza walikuwa wengi. Tulipofanya mtihani wa darasa la saba walibaki wawili, wote wavulana. Hakuna aliyewafukuza wale wengine. Mvua, njaa na hofu ya wazazi kwa binti zao viliwaondoa mmoja mmoja, na kwenye daftari la mahudhurio waliitwa watoro.

Kuna gharama nyingine. Wazazi waliofyatua matofali ya darasa kwa mikono yao huilinda shule hiyo na kumfahamu mwalimu wao. Shule ikiwa mbali, mzazi anayeanika dagaa tangu alfajiri hatafika kwenye kikao. Tena, mkoa wetu unakua: watu 2,127,930 mwaka 2012 na 2,470,967 mwaka 2022. Shule inayoonekana ndogo leo yaweza kuhitajika kesho, na ile kubwa yaweza kuwa imekwisha kufurika.

Uchina ilipita njia hii kwa kasi kuanzia mwaka 2001, ikafunga shule nyingi sana za vijijini. Mwaka 2012 serikali yake yenyewe ilisimamisha ufungaji wa haraka, baada ya malalamiko kuhusu umbali, usalama wa safari na watoto wadogo kuishi bwenini.

Njia ya kati

Nchini kwetu ipo njia ya kati iliyokwisha kujaribiwa, nayo ni shule shikizi: madarasa ya awali na ya chini hubaki kijijini, yakiwa chini ya shule mama, na watoto huhamia shule mama wanapopata nguvu ya kutembea. Mwaka 2021, kati ya madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, 3,000 yalikuwa ya shule shikizi. Pia tujiulize kama nyumba mbili za walimu hazitagharimu kidogo kuliko safari za watoto 140 kila siku kwa miaka saba.

Mafundisho ya Kanisa

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko la Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Papa Pio wa XI, katika Waraka wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, alieleza kanuni auni: linalowezwa na ngazi ya chini lisinyakuliwe na ngazi ya juu, nayo ngazi ya juu isaidie pale ya chini inapozidiwa. Hivyo wazazi wasikilizwe kabla ya uamuzi, siyo kutangaziwa baada yake. Nao wazazi wakumbuke mafao ya wengi, wasing'ang'anie jina la shule huku watoto wakikaa bila kufundishwa.

Maoni yangu

Pale mjini ambapo shule mbili zinatumia uwanja mmoja, kuunganisha ni busara. Mwambaoni, madarasa ya chini yabaki kijijini. Wakubwa wahamie pale tu penye njia salama au bweni lenye mlezi, na chakula cha mchana.

Nawaomba wanajumuiya mchukue maswali haya kwenye mkutano wa kijiji: Shule itakayopokea ina nafasi? Nani amepita njia hiyo kwa miguu wakati wa masika? Mtoto mwenye ulemavu atafikaje? Mahudhurio yatapimwaje baada ya mwaka mmoja, na yakishuka, uamuzi utarekebishwa?

Katika Injili ya Luka sura ya 14, Bwana anamtaja mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kuanza mnara. Nasi tuketi tuhesabu, na katika hesabu yetu aanze kuhesabiwa mtoto anayetoka nyumba ya mbali zaidi.