Haut-Katanga: Chumvi ya shaba inayotoa mwangaza yatafutwa ichukue nafasi ya plomb

Tangu kiwanda cha Shituru kilipoanza kazi mwaka 1929, shaba ya Likasi imekuwa ikienda ng'ambo, na sehemu kubwa yake inaishia katika nyaya za umeme. Siku hizi watafiti wanaitafutia kazi nyingine: kutoa mwangaza. Wakiiunganisha na iodini, wanapata chumvi ambayo inawaka rangi ya bluu kali inapopigwa na mionzi isiyoonekana kwa macho.

Chumvi za aina hii zinaitwa halaidi za metali. Chumvi ya jikoni ni ya ukoo huohuo, kwa kuwa ni sodiamu na klorini. Tofauti ni kwamba hizi zinatengenezwa kwa umbo dogo sana. Ndani ya jiwe kubwa, elektroni zinatembea pande zote. Jiwe likifanywa bamba jembamba mno, ao uzi, njia zinapunguka. Likifanywa nukta, elektroni hazina tena pa kwenda. Zikibanwa hivyo, rangi inabadilika: kadiri nukta inavyokuwa ndogo, ndivyo mwangaza wake unavyoelekea bluu.

Shaba ndiyo iliyofungua njia hiyo. Mwaka 1981, katika Umoja wa Kisovieti, Alexei Ekimov alichapisha matokeo ya kioo chenye kloridi ya shaba alichokipasha moto wa digrii 500 hadi 700, kwa muda wa saa 1 hadi 96. Ndani ya kioo kulikuwa na chembe za nanometa 2 hadi 30. Nanometa milioni moja ndizo zinazofanya milimita moja. Vioo vilikuwa na kloridi ileile, lakini chembe ndogo zilimeza mwangaza tofauti na kubwa. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2023, pamoja na Louis Brus na Moungi Bawendi.

Tatizo la plomb

Halaidi zilizopata sifa zaidi, hata hivyo, zina plomb, metali ya ndani ya batri za gari. Mwaka 2015, kundi la Maksym Kovalenko huko Zurich, Uswisi, lilitengeneza nukta za sesiamu na plomb ambazo rangi yake inageuka toka bluu hadi nyekundu kwa kubadilisha tu klorini, bromini ao iodini. Zinafaa kwa skrini na taa. Lakini plomb ni sumu inayoharibu ubongo wa watoto, na chumvi hizo zinaharibika kwa urahisi zikikutana na maji.

Kwa wakaaji wa Kapolowe, metali kuingia majini si habari ya mbali. Ziwa Tshangalele, ambako wavuvi wao wanatupa nyavu, lilizaliwa mto Lufira ulipofungwa na bwawa la Mwadingusha mwaka 1930, na linapokea maji yanayotoka upande wa viwanda vya Likasi. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti ulioonyesha kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na machimbo na viwanda vya Katanga.

Hapo ndipo shaba inarudi. Mwaka 2018, kundi la Hideo Hosono, Tokyo, lilieleza chumvi ya sesiamu, shaba na iodini isiyo na plomb hata kidogo. Ndani yake, vikundi vya shaba na iodini vimetengana kama visiwa, na kila kimoja kinafanya kazi ya nukta. Fuwele yake inarudisha karibu asilimia 90 ya mwangaza inaoumeza.

Tena, haimezi mwangaza inaoutoa yenyewe. Kwa hiyo inachunguzwa kwa mashine za radio za hospitali, zinazohitaji kitu cha kugeuza mionzi kuwa mwangaza ili picha ya mfupa ao ya pafu ionekane. Kitu hicho kikiwa na nguvu, mgonjwa anaweza kupigwa mionzi michache zaidi. Mashine nyingi za leo zinatumia iodidi ya sesiamu iliyotiwa thali, metali nyingine ya sumu.

Kazi bado iko zaidi katika maabara. Shaba ya namna hii inaweza kuharibiwa na hewa, na sesiamu ni ghali. Shaba yenyewe pia, ikizidi majini, inadhuru samaki. Kuiondoa plomb kwenye skrini na mashine za radio kutapunguza sumu kule zinakotumiwa na kutupwa. Usafi wa maji ya Tshangalele utategemea bado namna shaba inavyochimbwa na kusafishwa Likasi.