Meza ya Namtumbo ni Fupi kwa Futi Tano

Anayeshuka basi Namtumbo, mji wa wilaya ulio kilomita zipatazo 70 mashariki mwa Songea kwenye barabara ya Tunduru, hana haja ya kuuliza meza ya pool iko wapi. Kama ilivyo katika miji mingi ya wilaya nchini Tanzania, ipo barazani mwa baa, chini ya bati, na imezungukwa na vijana. Mmoja ameinama na fimbo, mwenzake anapaka chaki, na watano wengine wanatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Meza ya snuka ni habari nyingine kabisa.

Michezo hii miwili huchanganywa mara kwa mara, hasa na kijana aliyeona kwenye simu yake mtu mwenye kizibao na tai ya kipepeo akizamisha mpira baada ya mpira ukumbi mzima ukiwa kimya. Hujiambia kwamba hata yeye anaweza. Kwa kiasi fulani ni kweli. Ila meza ya baa ina urefu wa futi saba hivi na upana wa nusu yake, wakati meza kamili ya snuka ni futi 12 kwa sita. Ukipiga hesabu ya eneo, ya pili inakaribia kuwa mara tatu ya ya kwanza. Kosa dogo la mkono ambalo kwenye futi saba bado linaupeleka mpira shimoni, kwenye futi 12 linaugongesha ukutani.

Kanuni nazo zinatofautiana. Kwenye pool kila mchezaji ana mipira yake saba, kisha mweusi wa kumalizia. Snuka ina mipira 22: mweupe wa kupigia, myekundu 15 na sita ya rangi nyingine. Mwekundu una pointi moja, wa njano mbili, wa kijani tatu, wa kahawia nne, wa bluu tano, wa pinki sita na mweusi saba. Mchezaji huzamisha mwekundu, halafu wa rangi, ambao hurudishwa mezani, halafu mwekundu tena, mpaka myekundu iishe. Akichagua mweusi kila mara na kumaliza meza nzima bila kukosea, anafikisha 147. Mwingereza Ronnie O'Sullivan aliwahi kuikamilisha kazi hiyo, mwaka 1997, kwa muda wa dakika tano na sekunde chache.

Mchezo huu ulizaliwa Jabalpur, India, mwaka 1875, katika mesi ya maofisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa wakitafuta cha kufanya wakati wa mvua. Anayetajwa kuwa muasisi ni ofisa kijana aitwaye Neville Chamberlain, si yule aliyekuja kuwa waziri mkuu. Waingereza walipotawala Afrika Mashariki walizileta meza zao na kuzifungia ndani ya vilabu vya wanachama, ambako Mwafrika aliingia akiwa amebeba trei.

Pool ilikuja baadaye, na kwa mlango mwingine. Meza yake ni ndogo, hubebwa kwenye pikapu, humeza sarafu na hujilipia yenyewe. Meza kamili ya snuka ina uzito unaozidi tani moja kwa sababu chini ya kitambaa kuna mabamba matano ya jiwe. Inataka chumba kikubwa chenye sakafu imara, na watu wawili wanaweza kuishikilia kwa saa nzima bila kununua hata soda. Hakuna mwenye baa atakayefanya hesabu hiyo na kuinunua. Isitoshe, kitambaa chake ni cha sufu, na unyevu hukifanya kizito. Katika mashindano makubwa meza hupashwa joto kwa chini ili mpira ukimbie. Baraza la Namtumbo wakati wa mvua za Januari halina huduma hiyo.

Je, anayeanza akiwa na miaka 12 au 14 amechelewa? Historia inasema hapana. Stephen Hendry wa Scotland alipewa meza ndogo kuwa zawadi ya Krismasi akiwa na miaka 12. Alipofika 16, mwaka 1985, alikuwa mchezaji wa kulipwa, na mwaka 1990, akiwa na 21, akawa bingwa wa dunia, taji la kwanza kati ya saba. Steve Davis, aliyetawala miaka ya 1980, alipelekwa na baba yake kwenye klabu ya wafanyakazi alipokuwa na miaka 12, akapewa na kitabu cha mafunzo akisome. O'Sullivan hafai kuwa kipimo cha mtu yeyote: alianza kucheza kwa kulipwa mwaka 1992 akiwa na miaka 16, akashinda mechi 74 kati ya 76 za mwanzo.

Anayewahusu zaidi vijana wa Namtumbo ni Mark Selby, mzaliwa wa Leicester, Uingereza, mwaka 1983. Hakutoka katika nyumba yenye fedha. Malcolm Thorne, aliyekuwa akiendesha klabu ya snuka mjini humo, alimwachia acheze bure baada ya masomo. Baba yake alifariki kwa saratani Selby akiwa na miaka 16, na ni katika umri huohuo, mwaka 1999, alipoanza kucheza kwa kulipwa. Mwaka 2006 akatwaa ubingwa wa dunia wa pool ya mipira minane, mchezo wa meza ndogo ambayo ni ndugu wa damu wa ile ya barazani. Mwaka uliofuata alicheza fainali ya dunia ya snuka na kushindwa na John Higgins. Baadaye akalichukua taji hilo mara nne: 2014, 2016, 2017 na 2021.

Kwa hiyo futi saba hazimfungii mtu njia ya kwenda futi 12. Kilichombeba Selby, pamoja na kipaji, ni zile saa za bure.

Na hapo ndipo meza ya baa inapomwangusha kijana. Utaratibu wake unajulikana: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha anayefuata, na sarafu ikishaingia hakuna kuchezea muda. Unamfundisha mtu kupiga huku akitazamwa na kuzomewa, na hilo si jambo dogo. Lakini haumruhusu kufanya mazoezi. Mchezaji wa snuka anayejiandaa huweka mpira mmoja mahali pamoja na kuupiga mara mia, akirekebisha kiwiko, mguu na kidevu. Akijaribu hivyo barazani Jumamosi jioni, atafukuzwa kabla hajafika pigo la tatu.

Sifa mbaya ya mchezo nayo ni mzigo. Machi 2016, Rais John Magufuli alipowaapisha wakuu wa mikoa, aliwataka wasimamie watu wafanye kazi na akawataja vijana wanaocheza pool tangu asubuhi. Tangu hapo fimbo ya pool imekuwa alama ya uvivu midomoni mwa viongozi wengi. Wazazi wana hoja zao pia. Meza ipo kwenye pombe, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na inakataza kumuuzia kilevi. Halafu kuna dau: soda kwanza, kisha elfu moja, kisha simu. Pingamizi la mzazi ni la haki, lakini linahusu mahali meza ilipo kuliko mchezo wenyewe. Meza moja ikiwekwa kwenye ukumbi wa shule au kituo cha vijana, nusu ya malalamiko hayo inaondoka.

Tuseme kijana amevuka yote hayo. Ziara ya dunia ya snuka, yaani mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, ina wachezaji wapatao 128 tu, na sehemu kubwa yake huendeshwa Uingereza na China. Kuna mchujo wa kila mwaka, ambao miaka ya karibuni umefanyika Uingereza na Thailand, na wanaofaulu hupata kadi ya kushiriki kwa misimu miwili. Anayeshindwa kupanda vya kutosha kwenye orodha ndani ya muda huo huirudisha. Nauli, hoteli na viza ni juu ya mchezaji. Kuanzia msimu wa 2022/23 waendeshaji wa ziara walianza kumhakikishia kila mwenye kadi pauni 20,000 kwa msimu, fedha inayokatwa kwenye zawadi zake. Nyumbani inaonekana nyingi. Kwa mtu anayelipa kodi ya chumba Uingereza, haichukui muda kuisha.

Afrika ina njia yake, kwani bingwa wa bara amekuwa akipewa kadi. Wachezaji wa Afrika Kaskazini, kama Mmisri Hatem Yassen na Mmoroko Amine Amiri, wamefika kwenye ziara hiyo. Kabla yao walikuwapo Waafrika Kusini. Perrie Mans alicheza fainali ya dunia mwaka 1978 na kufungwa na Ray Reardon 25–18, kisha mwaka 1979 akashinda taji la mashindano ya Masters bila kufikisha pointi 50 kwa mkupuo mmoja katika fainali nzima. Alishinda kwa kuzamisha mipira migumu, ustadi ambao yeyote aliyekulia kwenye meza ya sarafu anauelewa.

Kwa aliye mbali na kitovu, mfano mzuri ni Neil Robertson wa Australia. Alianza kucheza kwa kulipwa mwaka 1998, akashindwa kubaki, akarudi kwao. Mwaka 2003 alirejea Uingereza akiwa na pauni 500 mfukoni, akaweka makazi Cambridge karibu na meza nzuri. Miaka saba baadaye alikuwa bingwa wa dunia.

Kwa kijana wa Namtumbo hatua iliyo karibu bado ni pool. Kwa miaka kadhaa bia ya Safari ilidhamini mashindano ya taifa yaliyoanzia mikoani, yenye timu na mchezaji mmojammoja, wanaume kwa wanawake, na mengine ya vyuo vikuu. Timu ya taifa nayo imekwenda kucheza mashindano ya Afrika. Mfumo huo ndio unaoweza kumtoa mtu Namtumbo hadi Songea, na kutoka Songea hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kwa barabara, ambako ni rahisi zaidi kumpata mwenyeji wa kumwingiza kwenye klabu yenye meza kubwa.

Haraka pia si kubwa kama ya mpira wa miguu, ambako mchezaji wa miaka 35 huanza kuulizwa atastaafu lini. O'Sullivan alichukua taji lake la saba la dunia mwaka 2022 akiwa na miaka 46. Mei 2025 Mark Williams wa Wales alifika fainali akiwa na miaka 50, akafungwa 18–12 na Zhao Xintong, Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia. Zhao alikuwa ametoka kumaliza adhabu ya miezi 20 iliyotokana na kashfa ya kupanga matokeo. Aliingia mashindano yale akiwa mchezaji wa ridhaa, akaanzia raundi za mchujo, na akaondoka na pauni 500,000.