Guangzhou kilomita 8,700: Tiketi ya saa sita usiku inavyowaacha wafanyabiashara

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda kufuata mzigo Guangzhou, kusini mwa China, hana sababu ya kuogopa umbali. Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Baiyun ni kilomita zipatazo 8,700. Kutoka Nairobi ni karibu hizohizo. Entebbe ni kama 9,100, Kigali 9,400 na Bujumbura 9,500. Ndege kubwa hukata takriban kilomita 900 kwa saa, hivyo ikitoka Dar es Salaam moja kwa moja hukaa angani saa 10 hadi 11.

Wengi hupitia Addis Ababa au Dubai. Ukipima kwenye ramani, kutoka Dar njia zote mbili zinakaribia kilomita 9,800. Nyongeza ni kilomita 1,100 tu, zaidi kidogo ya saa moja ya kuruka. Kinachorefusha safari ni kusubiri. Ukikaa saa 9 uwanjani ukingoja ndege ya pili, safari nzima inapita saa 20, na ile nafuu ya nauli inaanza kuliwa na chakula, pengine na kitanda.

Hesabu inayowaumiza zaidi ni ya saa. Guangzhou iko mbele ya Dar, Nairobi na Kampala kwa saa 5, na mbele ya Kigali na Bujumbura kwa saa 6. Tiketi huandika saa za mahali ndege inapoondokea na za mahali inapotua. Ukiondoka Dar 11:00, yaani saa 5 asubuhi, ukaruka saa 10 na nusu, utatua 02:30 ya tarehe inayofuata, saa 8 na nusu usiku wa kule. Kwenye karatasi ni kana kwamba umesafiri saa 15 na nusu. Ni vema anayekuja kukupokea ajue hilo mapema.

Balaa lenyewe liko kwenye ndege za usiku wa manane. Tiketi inasema 00:30, tarehe 12. Kwa saa zetu hiyo ni saa 6 na nusu usiku, na msafiri anashinda dukani tarehe 12, anafunga, anaaga, anafika uwanjani saa 3 usiku na mabegi yake. Ndege imeondoka tangu jana usiku. Alitakiwa kufika uwanjani usiku wa tarehe 11. Tiketi nyingi za bei ya chini hazirudishiwi fedha kwa aliyeachwa, na nauli ya kesho asubuhi haifanani na ile aliyolipa mwezi uliopita. Ikiwa alikuwa anawahi maonesho ya Canton, yanayofanyika Aprili na Oktoba, basi na siku za kuagiza zimepungua.

Kabla ya kulipa, wakala wa tiketi aulizwe hivi: ndege inaondoka usiku wa kuamkia tarehe ngapi?