Masta ya Umasaini: nani anasoma, nani anasomwa?

HIVI wewe kijana wa Arusha unayeshinda kijiweni, umewahi kujiuliza ni watu wangapi wamepata digrii kwa kumwandika bibi yako?

Usicheke. Toka mjini uelekee kusini mpaka Terrat, kata ya pembezoni mwa jiji, huko ambako nyumba za bati zinapakana na maboma na ng'ombe wanavuka barabara wanavyojisikia. Wenyeji wake ni Waarusha na Wamasai, watu wa lugha moja, Kimaa. Ndio hao hao ambao wasomi wa ng'ambo wamekuwa wakiwafuata na madaftari yao tangu enzi za mkoloni. (Kaa chonjo: ipo Terrat nyingine kule Simanjiro, ile inayojulikana kwa redio ya jamii, ORS. Mwanafunzi wa masta asije akapanda basi siyo.)

Chukua huyu Mwingereza, Philip Gulliver. Alikuwa mwanaanthropolojia wa serikali ya Tanganyika, na miaka ya 1950 akawafanyia utafiti Waarusha wa mlima Meru. Mwaka 1963 kitabu kikatoka. Kilichomvutia ni jinsi watu walivyomaliza ugomvi wa shamba, ng'ombe au mahari bila hakimu. Kila upande unakuja na watu wake, wa ukoo au wa rika, wanakaa chini, wanavutana mpaka kieleweke. Mambo ambayo mzee wako anayaona ya kawaida kabisa yalimfanya mwenzetu kuwa jina kubwa vyuoni! Mwaka 1997 Mmarekani Thomas Spear naye akatoa historia ya Waarusha na Wameru, jinsi walivyoigeuza miteremko ya mlima kuwa migomba na mashamba.

Vitabu vizuri, sikatai. Ila vimeandikwa kwa kimombo, na koko aliyekaa siku nzima akihojiwa hakijui.

MMASAI ASHIKA KALAMU

Sasa sikia ya Moringe ole Parkipuny, mtoto wa Ngorongoro. Huyu hakusubiri kuandikwa. Mwaka 1975 aliwasilisha tasnifu yake ya masta pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye taaluma za maendeleo, na mada ilikuwa watu wake mwenyewe. Wala hakuandika habari za shanga na kuruka juu. Alishika swali gumu: wafugaji wamefikaje kwenye mkwamo walio nao, na hayo yanayoitwa maendeleo yanawapeleka wapi?

Mzee hakuiacha karatasi ile ifie kabatini. Alikuwa mbunge wa Ngorongoro kuanzia 1980 hadi 1990, na Agosti 1989 akatinga Geneva, kwenye kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili. Alikuwa Mwafrika wa kwanza kuhutubia kikao kile. Aliwasemea wafugaji na wawindaji, Wamasai na Wahadzabe, mbele ya Wahindi Wekundu na wenzao wa mabara mengine. Alifariki mwaka 2013.

Na hapo ndipo masta hii inapokuwa tamu, maana ubishi haujaisha. Mwaka 2007 Tanzania ilipiga kura ya ndiyo kwa Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili, moja ya kura 144. Lakini ukirudi nyumbani serikali inakuambia Watanzania wote ni wa asili, hakuna cha fulani zaidi. Haya, Mwarusha mwenye migomba na Mmasai mwenye ng'ombe, lugha moja, rika zinafanana: mmoja wa asili na mwingine siyo? Na yule wa Terrat ambaye malisho yake sasa yanakatwa viwanja? Mwenye jibu rahisi, mimi nina wasiwasi naye.

Kwa wanaotaka kwenda mbali, Chuo Kikuu cha Tromsø, Norway, kina masta ya miaka miwili ya masuala haya haya, kwa Kiingereza. Kule ni kwa Wasami, ambao baadhi yao wanafuga kulungu wa barafuni na wanavutana na serikali kuhusu ardhi. Mtoto wa mfugaji atajisikia yuko kwao, ukiacha baridi. Ila tangu 2023 Norway inawatoza ada wanafunzi wengi wanaotoka nje ya Ulaya, na si ada ya mchezo.

Kinachoniuma mimi ni yule mshikaji anayekodiwa kama mkalimani. Anazunguka na mtafiti boma hadi boma, anajua swali lipi ni la adabu na lipi litamkasirisha mzee, analipwa posho ya siku, kisha jina lake linatajwa ukurasa wa shukrani. Basi. Mwenzake anaondoka daktari.

Mshikaji, kama cheti chako cha digrii ya kwanza kipo sandukuni, kitoe. Tromsø ni mbali, lakini Mlimani alikosoma Parkipuny nauli yake unaijua.