Buibui wa Shimoni

Atajapo mtu nyumba ya buibui, fikira zetu huenda kwenye ule utando wa darini uondolewao kwa ufagio. Lakini yuko buibui mwingine, mkubwa, mwenye manyoya, asiyetanda darini. Huyu hukaa shimoni, katika mbuga kavu na vichaka vya Kenya, Tanzania na nchi nyingine za kusini. Wataalamu humwita Pterinochilus murinus, jina alilopewa mwaka 1897 na Mwingereza Reginald Innes Pocock. Wazungu humwita pia buibui nyani, kwa kuwa miguu yake yafanana na vidole vya nyani, wala hatuoni kuwa wamekosea.

Wako wa kijivu na wako wa rangi ya chungwa. Tundu lake hulitandika ndani kwa hariri aitoayo mwenyewe. Mchana hujificha, na usiku hukaa mlangoni akingoja mende au panzi apite karibu, amrukie. Jike aweza kuishi zaidi ya miaka 10. Dume, akishapevuka, haishi sana.

Mwanafunzi wetu mmoja wa chuoni, mtoto wa miaka minane, alichokoa tundu la namna hiyo kwa kijiti. Buibui akatoka, akainua miguu ya mbele, akaonyesha meno. Hilo ni onyo lake, na amwonaye hivyo yafaa arudi nyuma. Mtoto hakurudi, akaumwa kidole.

Tulipofika tulimkuta bibi yake ameshashika wembe ili amchanje, sumu itoke.

"Bi Mkubwa, tuwie radhi, usimkate," tulimwambia.

"Mwalimu, mwataka mjukuu wangu afe?"

Twamfahamu, kwani ndivyo alivyofunzwa. Lakini kuchanja hakutoi sumu. Huongeza jeraha na kuingiza uchafu. Tulimwosha mtoto kwa maji na sabuni, tukamwekea kitambaa cha maji baridi, tukampeleka hospitali. Maumivu ya sumu hii ni makali mno, na misuli hukakamaa hata kwa siku kadhaa, nayo yalimpata. Hata hivyo, hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kwa kuumwa na buibui huyu. Mtoto alipona.

Baba yake alikuja na chupa ya mafuta ya taa ayamimine tunduni. Tulimweleza kwamba tundu li mbali na nyumba, na mwenyewe hula mende. Hakuridhika sana. Mwishowe tulikata tawi la miiba, tukaliweka juu ya tundu, na watoto wakaamriwa kupita upande wa pili.